Matanga ya Kirsania

Jina la nchi yetu siwezi kulitaja kwa sasa, kwa sababu liko kamatini. La zamani lilionekana halina hadhi, na jipya bado linatafutiwa wimbo. Katika kipindi hiki cha mpito tumeombwa tuiite Nchi tu. Mimi sioni ubaya. Nchi ni nchi, na yetu ni nzuri: ina mvua, ina mihogo, na ina serikali inayotupenda kiasi cha kutotuacha peke yetu hata kidogo.

Basi Nchi ilikuwa imekaa zake kwa utulivu mpaka Rafiki Mkubwa alipoingia vitani. Rafiki Mkubwa ni taifa tajiri la ng'ambo lililotujengea uwanja wa mpira. Uwanja ule una paa upande wa jukwaa kuu, wanakokaa viongozi. Upande wetu paa bado halijafika. Sasa Rafiki Mkubwa aligombana na nchi moja iitwayo Kirsania, iliyoko mbali sana huko kwenye theluji, akaanza kuipiga mabomu. Kisha akawaandikia marafiki zake wote akiwaomba askari. Sisi tulikuwa wa kwanza kujibu. Tulijibu kabla barua haijafika.

Jioni ileile redio ilitutangazia kwamba Wakirsania ni maadui zetu wa tangu na tangu. Nilisikiliza kwa makini sana, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kuwasikia. Waziri wa Ulinzi, Mheshimiwa Ladislaus Mtepa, alitokea kwenye televisheni na ramani. Aliweka fimbo katikati ya bahari. Msaidizi wake akaisogeza ile fimbo taratibu mpaka nchi kavu.

"Hapa," akasema Waziri. "Au jirani na hapa. Mashujaa wetu wataonyeshwa wakifika."

Miongoni mwa mashujaa hao alikuwemo mdogo wangu, Kondo. Kondo aliingia jeshini kwa ajili ya tarumbeta. Jeshi ndilo pekee lenye tarumbeta katika mji wetu wa Kwamboza, na yeye tangu utotoni alikuwa akipiga kwa mdomo mtupu mpaka majirani wakamwombea kazi. Ni kijana mrefu, mpole, anayemwomba kuku radhi kabla ya kumchinja na mwisho hamchinji. Walipoambiwa kwamba Kirsania kuna baridi, kikosi chote cha Kwamboza kilipelekwa kufanya mazoezi kwenye chumba cha barafu cha soko la samaki. Kondo alirudi nyumbani ananuka vibua.

"Dada Hidaya," akaniambia, "midomo ikiganda, tarumbeta haitoki. Nimewaambia. Wamesema nikifika huko nitazoea."

"Mnaondoka lini?"

"Jumamosi."

Shangazi yetu Mwajabu, aliyetulea tangu wazazi wetu walipofariki, alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua hata baada ya mchele kuwa safi.

* * *

Mimi nina shahada ya Usuluhishi wa Migogoro. Ni fani nzuri. Tatizo lake ni kwamba Nchi haina migogoro, jambo hilo lilishatangazwa, kwa hiyo sijapata kazi. Kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nilianzisha Umoja wa Amani wa Kwamboza. Tulikuwa wanachama watatu: mimi mwenyewe; shangazi Mwajabu, aliyejiunga ili nisikae peke yangu; na Bwana Chande, mtu mstaarabu mwenye koti la kijivu, ambaye alikuwa akitupeleleza kwa niaba ya serikali. Hakutuficha. Siku ya kwanza alijitambulisha, akatuomba tuwe tunazungumza polepole ili asije akatukosea.

Kikao kikaamua tuandamane kabla ya Jumamosi kuwaomba viongozi wasiwapeleke vijana wetu. Nilikuwa na imani kubwa. Niliamini kwamba viongozi hawajaambiwa tu kuwa vitani watu hufa, na kwamba wakiambiwa vizuri watashtuka. Nikaenda Ofisi ya Vibali kwa Bwana Mdoe, mzee mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kukatalia.

"Maandamano ya nini, binti?"

"Ya amani, mzee."

"Amani ipo."

"Ni ya kuomba askari wetu wasiende vitani."

"Ahaa. Kwa hiyo mnapinga."

"Tunaomba tu, mzee."

"Ukiomba usichopewa, hapo umeshapinga." Akabadilisha miwani. "Sikiliza. Kesho kuna maandamano ya kuunga mkono vita. Yana brasibendi, yana soda. Kibali chake kilitoka kabla ya vita vyenyewe. Kaandamane huko."

"Na ya amani?"

"Nyie mkipita mnasema amani, amani, mtu si atajiuliza kwani kuna nini? Hapo amani imeshavurugika."

Nikamuuliza kama tunaweza kukaa tu mahali, bila kutembea. Akasema kukaa ni mkusanyiko. Nikamuuliza kama tunaweza kunyamaza. Hapo alinitazama kwa huruma.

"Kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Mkisema, tunajua mmesema nini. Mkinyamaza, itabidi tuwakamate kwa kila kitu."

Kisha akavaa kofia na kuanza kufunga madirisha, maana alikuwa na msiba mtaa wa nyuma.

"Hao wafiwa walipata kibali?" nikauliza. Nilitaka kujua tu, nijifunze.

Bwana Mdoe alisimama na dirisha mkononi kama mtu aliyetukaniwa mama yake. "Binti, tangu lini msiba ukaombewa kibali? Hata Mtukufu Rais hawezi kuwazuia watu kulia."

* * *

Inafaa niwaeleze wasomaji wa mbali habari za misiba ya kwetu. Sheria za Nchi zimerekebishwa mara nyingi mpaka hakuna azijuaye. Kanuni za msiba hazijaandikwa popote, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuzirekebisha.

Msiba ukitokea, mikeka hutandikwa uani na watu hukaa. Kiongozi lazima aje. Mbunge anaweza asionekane bungeni toka uchaguzi hadi uchaguzi na wala mtu asiulize, lakini akikosa msiba mmoja, kwake amekwisha. Anayefika haulizi nani kafa, kwa kuwa ni aibu; unatakiwa uwe unajua. Unakaa, unalia, unatoa pole. Mikeka ikiwa chini, mfiwa hasafiri, hata awe askari, maana tunaamini kwamba mfiwa akipanda chombo, chombo kizima kimebeba msiba. Na siku ya kuanua matanga, mkeka wa kwanza huinuliwa na ndugu wa karibu wa marehemu, si mwingine. Asipouinua yeye, watu wanaendelea kukaa.

Shangazi Mwajabu anazijua kanuni hizi kama jina lake, kwa sababu ni mwenyekiti wa Chama cha Kufa na Kuzikana cha Kwamboza. Mikeka ni yake, turubai ni lake, masufuria makubwa ni yake. Niliporudi na kumsimulia maneno ya Bwana Mdoe, aliweka ungo chini.

"Huko Kirsania watu wamekufa ama hawajafa?"

"Wamekufa, shangazi. Redio inatangaza kila jioni."

"Nani kawalilia?"

Chuoni hatukufika huko.

"Mimi sikai matanga ya uongo," akasema. "Sijawahi, na sitaanza kwa ajili ya serikali. Nipe hilo gazeti."

Lilikuwa gazeti la serikali. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya mwanamke wa makamo, kafunikwa vumbi, anatoka kwenye nyumba iliyoporomoka huku amekumbatia kitu. Chini yake waliandika: *Adui akikimbia na kofia yake ya chuma.* Shangazi aliitazama ile picha, akampa Bwana Chande, Bwana Chande akampa Kondo. Sote tuliona kilekile. Ilikuwa sufuria. Tena ilikuwa imeungua kitako, kama yetu.

"Kaacha kila kitu kaokoa sufuria," akasema shangazi. "Huyu ana watu wa kuwapikia." Akaisogeza picha karibu na macho. "Au alikuwa nao."

Akaanza kulia. Mimi nilidhani anafanya mazoezi, nikamwangalia vizuri, nikaona hafanyi mazoezi. Wanawake wa jirani walisikia, wakaja mbio wamejifunga kanga, wakakaa na kulia, na kwa adabu hawakuuliza nani kafa. Walipoonyeshwa picha walilia zaidi. Kabla jua halijatua mikeka ilikuwa imetandikwa uani mpaka barabarani, na Bwana Chande alikuwa ameshapangiwa kupasua kuni.

* * *

Kesho yake, Ijumaa, Mheshimiwa Waziri Mtepa alikuwa Kwamboza kuwaaga askari. Msafara wake ulipopita karibu na kwetu akasikia kilio. Wanaomjua wanasema masikio yake hayasikii simu, hayasikii mabaraza, lakini msiba huusikia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Aliamuru magari yageuke. Watu wa redio ya taifa, waliokuwa wakitangaza ziara yake moja kwa moja, wakageuka naye.

Aliingia akiwa ameshakunja uso. Aliketi kwenye mkeka, akashika kichwa. Msaidizi wake akampa leso, akajifuta, akairudisha. Baada ya hapo alisimama.

"Ndugu wafiwa, Serikali imefika. Serikali imeona. Serikali, kwa namna ya pekee, imelia. Marehemu mimi nilimfahamu..."

Bwana Chande, ambaye ni mtiifu, alimnong'oneza kwamba ni wengi.

"...niliwafahamu wote. Walikuwa wachapakazi. Walikuwa watiifu. Walikipenda chama. Wengine wao walinipigia kura zaidi ya mara moja. Leo hawapo. Nauliza: wamekosa nini? Wamemkosea nani? Mtu uko nyumbani kwako, hujamtukana mtu, mauti yanakufuata. Kwa nini?"

"Tueleze, Mheshimiwa," wakasema wanawake.

"Sitaeleza. Nitachukua hatua. Waliosababisha vifo hivi, wawe wadogo wawe wakubwa, wawe wa kwetu au si wa kwetu, waambieni Mtepa anawatafuta." Watu wakapiga makofi, na makofi humpeleka Waziri mbali kuliko gari lake. "Na natamka hapa, kama Waziri wa Ulinzi. Huu si msiba wa nyumba moja. Ni msiba wa Kwamboza yote. Kila mtu wa Kwamboza, raia na askari, ni mfiwa. Na mfiwa hasafiri. Nisisikie mtu kapanda chombo chochote mpaka mwenye msiba atakapouinua mkeka kwa mkono wake."

Mdogo wangu Kondo alikuwa anagawa chai. Akaendelea kumimina kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

Shangazi Mwajabu alisimama kushukuru, kama kanuni inavyotaka. "Mheshimiwa, umetuheshimu. Kuna waliosema hutakuja."

"Mimi nisije? Kwenye msiba?"

"Ndivyo nilivyowaambia. Nikasema huyu ana utu, hataona tofauti kwa sababu tu marehemu ni watu wa Kirsania."

Kuku alipita.

"Kirsania," akasema Waziri kwa sauti ndogo. "Kirsania ya wapi?"

"Ileile uliyotuonyesha kwa fimbo."

Mtangazaji wa redio, ambaye mkataba wake haumruhusu kunyamaza, akasema: "Naam, wasikilizaji, mmesikia wenyewe. Mheshimiwa Waziri anawatafuta waliowaua Wakirsania."

* * *

Usiniulize nimejuaje yaliyosemwa kwenye Baraza la Mawaziri. Bwana Chande ni mtu wa haki. Aliona si vizuri kuipelelezea serikali peke yake, akaanza kutupelelezea na sisi.

Baraza, alisema, lilikutana likiwa limefunga mapazia. Rafiki Mkubwa alikuwa amepiga simu kuuliza askari wako wapi, na akagusia paa. Waziri wa Habari alishauri itangazwe kwamba Wakirsania hawajafa. Akakumbushwa kwamba ni yeye aliyekuwa akitangaza wamekufa, kila jioni, kwa muziki. Mwanasheria Mkuu akashauri Waziri Mtepa arudishe pole yake. Mawaziri wote walishtuka, wengine wakajifunika. Kwetu hakuna aliyewahi kurudisha pole. Inasemekana ukiirudisha, msiba unakufuata nyumbani ukiwa umeshajua njia.

Ndipo Mtukufu Rais aliposema neno lake moja la hekima. "Mnahangaika na nini? Kainueni huo mkeka."

Akatumwa Inspekta Lukelo na gari la askari, redio ya taifa ikimfuata. Ni mtu mnene, mwenye aibu, na kila mtu Kwamboza anamjua kwa sababu ndiye anayeongoza kwaya.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba, baba. Karibu ukae."

"Sikai. Nimeagizwa niinue mkeka."

"Inua."

Inspekta alichutama, akashika pembe ya mkeka.

"Ila tuambie," akasema shangazi, "wewe ni nani wa marehemu? Mjomba? Kaka? Anayeinua ni wa karibu, tusije tukakupa pole ya mbali."

"Mimi sina undugu nao."

"Ukiinua, umeupata. Wanangu, leteni wembe, ndugu yetu anyolewe kama mfiwa. Na wewe wa redio, andika vizuri jina lake: Inspekta Lukelo, ndugu wa karibu wa Wakirsania."

Inspekta aliuachia mkeka kama umeshika moto. Alibaki amechutama. "Bi Mwajabu, unataka kunifukuzisha kazi."

"Mimi nataka unywe chai."

Alikunywa. Alipofika nusu kikombe akamuuliza shangazi, bila kumtazama: "Na mwanangu Sefu je? Naye yuko kwenye kikosi kile. Ni mfiwa?"

"Kwani Sefu si wa Kwamboza?"

Inspekta alimaliza chai yake, akaomba nyingine. Jioni akarudi makao makuu, akaripoti kwamba mkeka ni mzito.

Jumamosi ikapita, ndege ya Rafiki Mkubwa ikiwa imesimama uwanjani tupu, rubani anakula embe. Kondo aliosha masufuria. Sijawahi kuona mtu anaosha sufuria kwa furaha namna ile. Wiki iliyofuata miji mingine iliyokuwa na askari nayo ikatandika mikeka yake, na mawaziri wakawa hawana budi kwenda huko pia kutoa pole, maana uchaguzi haukuwa mbali.

* * *

Mimi niliyesomea usuluhishi sikubuni kilichofuata. Kilibuniwa na serikali yenyewe, na ndiyo maana nasema tusiidharau.

Ikiwa mkeka lazima uinuliwe na ndugu wa marehemu, walisema, basi aletwe ndugu wa marehemu. Shangazi Mwajabu alipoulizwa ni ndugu gani, alitoa gazeti. "Wafiwa wako wengi, lakini sisi tunayemjua ni huyu wa sufuria."

Hapo ndipo Nchi ilipolazimika kumwandikia adui. Hatukuwa na anwani. Majenerali wa Kirsania walipopata barua yetu iliyowaomba mtu mmoja wa kuinua mkeka, inasemekana walikaa nayo muda mrefu, wakidhani mkeka ni aina ya kombora. Walipoelezwa kwamba watu wasiowajua wamekaa chini wanawalilia, walikaa nayo muda mrefu zaidi. Kisha wakajibu kwamba mama huyo anaitwa Olvena, yuko hai, na hawezi kusafiri kwa kuwa barabara ya kwenda uwanja wa ndege inapigwa mabomu.

Serikali yetu ikampigia Rafiki Mkubwa. Rafiki Mkubwa alikuwa na haraka ya kupata askari. Akakubali kusimamisha mabomu kwa muda. Kwa hiyo mabomu yalisimama, ili mtu apite, ili mkeka uinuliwe, ili vita viendelee. Niliposikia hivyo nilitaka kulifikisha jambo hili chuoni kwetu lifundishwe.

Furaha yangu haikudumu. Shangazi aliniita jikoni.

"Hidaya, umefikiri? Huyo mama akija akauinua, imekwisha. Kanuni ni yangu mwenyewe. Siwezi kuivunja."

"Tumwombe asiinue."

"Mfiwa haombwi hivyo. Kilio ni chake. Akitaka kukimaliza, akimalize."

Dirishani nilimwona Kondo anasugua birika. Alikuwa ametusikia. Aliinua kichwa akatabasamu, akaendelea kusugua.

* * *

Bi Olvena alifika na mkalimani mmoja na sufuria. Hakuwa na mzigo mwingine. Maofisa wa forodha walikuwa wameizuia ile sufuria kwanza, kwa kuwa katika kumbukumbu za serikali ilikuwa kofia ya chuma, mpaka Inspekta Lukelo alipokwenda kuidhamini.

Uwanja wa ndege hauko mbali na kwetu, na rubani alikuwa ameshawasha injini. Mngurumo ulisikika uani. Malori yalipangwa barabarani kuwabeba askari mara tu mkeka utakapoondoka ardhini. Waziri Mtepa alikuwa chini ya turubai lake mwenyewe, simu sikioni, akimweleza mtu mkubwa kwamba ni suala la dakika. Redio ilikuwepo.

Mama yule aliingia polepole. Alikuwa mfupi kuliko pichani. Aliwatazama wanawake wamejifunga kanga, wamekaa, macho yamevimba, akaitazama picha yake mwenyewe tuliyoibandika ukutani. Kisha akauliza, na mkalimani akatufasiria:

"Anauliza, nani amekufa hapa?"

Wanawake waliguna. Hakuna aliyewahi kuuliza hivyo kwenye msiba. Lakini hakuna aliyemchukia.

"Wa kwenu," akasema shangazi Mwajabu.

"Anauliza, mnawajua majina?"

"Majina hatukupewa, mama. Redio ilitupa idadi tu. Tumelia hivyohivyo, bila majina."

Bi Olvena aliikumbatia sufuria vilevile kama kwenye picha. Alisema neno moja fupi.

"Timo," akasema mkalimani. "Ni mwanawe. Alikuwa anapenda viazi vilivyoungua kidogo."

"Timo," wakasema wanawake, mmoja baada ya mwingine, wakilizoesha ulimi. Na wakaanza upya kulia, sasa wakiwa na mtu wa kumlilia. Mimi nililia. Bwana Chande alilia, akaandika kwamba amelia. Mtangazaji alijaribu kusema kitu, na kwa mara ya kwanza nadhani alivunja mkataba wake.

Waziri alikohoa. Msaidizi akaja haraka, akainama, akamwonyesha mgeni pembe ya mkeka na jinsi ya kuishika. Bi Olvena aliutazama mkeka, akamuuliza shangazi jambo.

"Anauliza, ukiinuliwa kinatokea nini?"

Nilimtazama shangazi Mwajabu. Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema mkeka ukiinuliwa mvua hainyeshi.

"Mwambie matanga yakianuliwa kila mtu hurudi kwenye shughuli yake," akasema. "Sisi tutarudi sokoni. Na huyu kijana wangu mwenye birika atapanda ndege ile mnayoisikia, aende kwenu."

Mkalimani akafasiri. Mama yule akageuka, akamtazama Kondo tangu viatu hadi kofia.

"Anauliza, unakuja kwetu kufanya nini?"

Kondo alijaribu kusimama kijeshi, lakini huwezi kusimama kijeshi ukiwa na birika. "Kupiga tarumbeta, mama," akasema.

"Anauliza, basi?"

"Na mengine watakayoniambia."

Injini ilikuwa inanguruma. Bi Olvena aliinama mpaka chini, na mkono wake ukashika pembe ya mkeka. Nilifumba macho. Nilipofumbua, nikaona ameushika ule mkeka ili ajiegemeze, kwa kuwa anavua viatu, na miguu yake ilikuwa imevimba kwa safari. Akavipanga viatu vyake pembeni, karibu na vya shangazi. Akaketi. Sufuria akaiweka mbele yake.

Kule chini ya turubai lake Waziri hakuweza kuona vizuri. Watu walikuwa wamemziba.

"Vipi?" akaita, simu ikiwa bado sikioni. "Ameinua? Nimjibu nini huku?"

Mtangazaji naye alikuwa hawezi kusema, akanisogezea kipaza sauti.

"Hajainua, Mheshimiwa," nikasema. "Ameketi. Na sasa hivi anasogea, Kondo apate nafasi."